Kulia kwa gari ni kwa gari, si kwako uliyesimama mbele yake

Shemeji yangu wa Kahama kapokea boksi kutoka Dar, limekuja na basi la usiku, ndani kuna taa ya mbele ya Noah, nzima, safi, kioo hakina hata mkwaruzo, ila ni ya upande ambao haukuvunjika. Gari lenyewe ni la bosi, yeye anapeleka hesabu kila jioni, na giza likiingia hawezi kutoka na taa moja maana trafiki wanamjua. Kapiga simu dukani, na jibu alilopewa ndo limenifanya niandike haya: "Si ulisema kulia? Hiyo ni kulia, ukisimama mbele ya gari." Na mali ikishauzwa hairudishwi.

Jibu hilo limenikaa rohoni mpaka leo.

Ukisimama mbele ya gari kwa nini? Nani kasema kulia kwa gari kunapimwa na mtu aliyesimama barabarani anatazamana na bampa? Gari lina mbele yake na nyuma yake, kwa hiyo lina kulia kwake na kushoto kwake, na havibadiliki hata ulizunguke kutwa nzima. Kaa kwenye siti, angalia mbele, mkono wako wa kulia ulipo ndo kulia kwa gari. Imeisha hapo. Ndivyo wanavyohesabu Wajapani waliolitengeneza, ndivyo wanavyohesabu Wajerumani na Wamarekani. Katalogi ya Toyota ina RH (kulia) na LH (kushoto) kwenye kila kifaa chenye upande, na namba zimetenganishwa kabisa: loa amu, ule mkono wa chini unaoshika tairi, ya kulia namba yake inaanza na 48068, ya kushoto 48069, saiti mira ya kulia 87910 na ya kushoto 87940. Usukani uwe kulia uwe kushoto, namba inafuata upande wa gari. Sasa kama kiwanda kimeshaamua na dunia nzima inaagiza hivyo, sisi tumepata wapi ruhusa ya kuwa na kulia tatu?

Maana ziko tatu, mimi nimezihesabu. Kuna kulia kwa gari, kuna kulia kwa aliyesimama mbele, na kuna hii ya tatu inayopendwa kuliko zote, "upande wa dereva" na "upande wa utingo". Mteja anaongea ya kwanza, muuzaji anasikia ya pili, fundi anatumia ya tatu, na anayelipa nauli ya boksi kwenda na kurudi ni yule mwenye gari bovu.

Nenda gereji yoyote uangalie. Fundi kalala chali chini ya gari, kichwa kiko ndani, miguu imetokea mbele ya bampa. Akilala hivyo kulia kwake ni kulia kwa gari kabisa, hana shida. Kijana wa spana kasimama miguuni pake, kaliangalia gari usoni, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa gari. Fundi anapiga kelele kutoka chini, "legeza ya kulia!", kijana anaenda kwenye tairi ambayo siyo, anafungua nati zote, anatoa na tairi, ndo fundi anachungulia na kuanza kumfokea. Nimeona dogo anapigwa kofi kwa hili. Mtoto wa watu anafanya kazi jua kali, hakuna aliyewahi kumwambia ukiambiwa kulia hesabu kutokea wapi, halafu anapigwa. Hilo nalo linaniuma kuliko hata ya taa.

Na siku hizi kuna mambo ya picha za WhatsApp. Unapiga picha gari ukiwa mbele yake, taa iliyovunjika inaonekana mkono wa kushoto wa picha, unaizungushia duara jekundu unaandika "nataka hii ya kushoto". Hiyo ni taa ya kulia. Muuzaji mwenye akili ataangalia picha akuulize, asiye na muda anasoma maandishi tu na kufunga boksi.

Turudi kwenye "upande wa dereva", maana najua kuna watu washaanza kuniandikia kwamba mbona sisi tunatumia hivyo na hatujawahi kukosea. Sawa. Nakubali, kwa shingo upande lakini nakubali, kwamba kwa IST, Noah, Probox na Vitz za hapa mjini, zote zimetoka Japani na usukani uko kulia, ukisema upande wa dereva hata mtoto anaelewa, na ni salama kuliko kusema kulia bila kusema umesimama wapi. Kwa hizo gari inafanya kazi.

Ila simama barabara ya Morogoro hata nusu saa tu. Angalia malori. Scania na Volvo zilizotumika Ulaya, Freightliner za Marekani, nyuma zimeandikwa kwa herufi kubwa LEFT HAND DRIVE. Humo dereva kakaa kushoto, pembezoni mwa barabara, na utingo ndo kakaa upande wa katikati, na lori likitaka kuovateki ni utingo anayechungulia mbele na kumwambia dereva pita au tulia. Sasa lori la hivyo likivunja mira mwenye gari akapiga simu Dar akasema "nataka mira ya upande wa dereva", dukani amekaa kijana ambaye maisha yake yote dereva anakaa kulia, unategemea atume ipi? Na mira za lori si bei ya kuchezea. Lori linalala Tunduma na mzigo wa watu wakati wanabishana kwenye simu nani kasema nini.

Na wateja wa hapa si Watanzania peke yao. Watu wanatoka Lubumbashi, wanatoka Bujumbura, wanakuja Kariakoo kununua spea na wanaongea Kiswahili hiki hiki. Kwao wanaendesha mkono wa kulia wa barabara. Burundi hapo hapo utakuta magari kibao ya Japani yenye usukani kulia, yanatembea sambamba na yenye usukani kushoto, mtaa mmoja, kituo kimoja. Ukimwambia mtu wa Bujumbura "upande wa dereva" hujamwambia kitu, inabidi akuulize dereva wa gari lipi. Ukimwambia kulia kwa gari, umemaliza.

Halafu kuna Sharjah, kule Emirates, yaani Falme za Kiarabu. Wanaofuata spea used kule wanajua, mzigo mkubwa unaoletwa huku umetolewa kwenye magari ya Ghuba, na Emirates wanaendesha kulia, usukani uko kushoto. Ndugu yako yuko kule anazunguka kwenye yadi za watu, wewe unamtumia voisi "nitafutie mlango wa mbele wa upande wa dereva", yeye anaangalia magari yaliyo mbele yake, dereva kakaa kushoto, anatoa mlango wa kushoto, anapakia kontena. Mlango unakuja mpaka bandarini Dar, unalipiwa ushuru, unafika gereji, ni wa upande mwingine. Hapo nani alaumiwe? Wote wawili walisema kweli.

Waingereza nao msidhani wako mbali na sisi. Ukinunua gari lililotoka kwao ukasoma karatasi zake za ukaguzi utakuta nearside na offside. Nearside ni upande ulio karibu na ukingo wa barabara, kwa hiyo kwao ni kushoto, ila ukienda nchi inayoendesha kulia ukingo uko mkono wa kulia, na neno lile lile linageuka. Ni ugonjwa ule ule wa upande wa dereva, kupima gari kwa kitu ambacho si gari.

Mabaharia walilimaliza hili zamani sana. Meli ina kulia na kushoto kwake kwa kutazama omo, yaani mbele ya chombo, na majina ni ya chombo chenyewe, haijalishi wewe umesimama unaangalia wapi. Na bado walipata shida, kwa sababu Waingereza kushoto walikuwa wanaita larboard na kulia starboard, na kwenye upepo na mawimbi mtu akipiga kelele moja inasikika kama nyingine. Mwaka 1844 jeshi lao la majini likatoa amri, larboard iachwe, isemwe port. Taa nazo hivyo hivyo, nyekundu kushoto, kijani kulia, ukiona usiku unajua chombo kinaelekea wapi. Hawakusema kila nahodha aendelee na mazoea yake. Madaktari pia, mguu wa kulia ni wa mgonjwa, hata daktari akisimama miguuni pa kitanda.

Na kwenye taa za mbele suala si kufaa au kutofaa kwenye tundu lake tu, hili watu wengi hawalijui na wauza taa walipaswa kuwa wa kwanza kulisema. Taa ya gari la nchi inayoendesha kushoto kama yetu, ukiweka dimu, mwanga wake unainuka kidogo upande wa kushoto, pembezoni, uone waenda kwa miguu na baiskeli, na unashuka kulia ili usimpige usoni anayekuja. Taa ya gari la Dubai au la Ulaya bara ni kinyume, inainuka kulia. Kwa hiyo kuna taa ya kulia ya huku na taa ya kulia ya kule, na kwa magari mengi zinaingia vizuri tu kwenye tundu moja. Ukifunga ile ya kule, kila unayepishana naye usiku unamtoboa macho hata kama umeweka dimu, na wewe mwenyewe mtembea kwa miguu wa pembeni humwoni vizuri. Tunapishana na magari ya hivyo kila usiku Chalinze huko, tunadhani dereva ana kiburi kagoma kushusha taa.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 112 inayohusu taa za mbele imeweka alama kwa ajili hiyo. Taa iliyothibitishwa kwa kanuni hiyo, kama ni ya kuendesha kushoto peke yake, kioo chake kina mshale mlalo unaoelekea kulia kwa mtu aliyesimama akiitazama taa. Ya kuendesha kulia peke yake haina mshale, inayokubali pande zote ina mshale wenye vichwa viwili. Rudia kusoma hapo: kulia kwa mtu aliyesimama akiitazama taa. Walioandika walijua neno kulia peke yake halitoshi kwenye kitu kinachotazamwa kutoka mbele, wakaandika mtu kasimama wapi. Hicho tu ndicho ninachokiomba madukani.

Wauzaji wana lao la kusema na siwanyimi. Mteja mwenyewe mara nyingi hajui, anapiga simu yuko juani, kachanganyikiwa, anasema kushoto halafu anasema hapana kulia, na muuzaji ana watu kumi kaunta. Naelewa. Ila muuzaji ndo anayefanya kazi hii kila siku, mteja anavunja taa mara moja kwa miaka. Swali "ukiwa umekaa ndani?" linachukua muda gani? Na usukani uko upande gani, na gari limetoka nchi gani. Kwenye risiti usiandike "taa Noah 1", andika "taa ya mbele Noah, kulia kwa gari", na kama kifaa kina namba iandike namba, ili boksi likifika Kahama au Kigoma likiwa siyo, kuna karatasi inayoonyesha nani kakosea. Kama mteja ndo aliandika vibaya, hasara yake. Kama risiti inasema kulia kwa gari na kwenye boksi kuna ya kushoto, duka libadilishe na lilipe nauli ya kulirudisha, na ile stika ya mali ikiuzwa hairudishwi isitumike hapo, maana mali iliyouzwa haijaletwa.