Fiesta za Ufilipino: furaha ni ya anayecheza au ya anayetazama?

Mwaka 1980 mji wa Bacolod, kisiwani Negros, ulipigwa msiba juu ya msiba. Kisiwa hicho kinaishi kwa miwa, na bei ya sukari ilikuwa imeporomoka. Usiku wa Aprili 22, meli ya Don Juan iliyotoka Manila kwenda Bacolod iligongana na meli ya mafuta ikazama na mamia ya watu. Oktoba ilipofika, watu wa mji huohuo walivaa vinyago vinavyocheka, wakaingia barabarani kucheza. Ndivyo lilivyozaliwa tamasha la MassKara, jina alilotunga msanii Ely Santiago kwa kuunga neno la umati na neno la Kihispania la uso.

Wanaoamini kwamba fiesta, yaani sherehe kubwa ya mji au mtaa, huwapa wenyeji furaha wana hoja nzito hapa. Aliyewahi kukaa matanga hahitaji kuelezwa kwamba huzuni ya peke yako ni nzito kuliko huzuni ya watu wengi.

Lakini kinyago hakishibishi. Katikati ya miaka ya 1980 njaa iliwakumba vibarua wa mashamba ya miwa ya Negros, na watoto wao wakabaki mifupa mitupu. Hata leo, sikukuu ya mtakatifu wa mtaa ina gharama zake. Mlango wa nyumba huwa wazi, na asiyejulikana naye hukaribishwa kula. Wanawake wako jikoni tangu alfajiri. Asiye na akiba hukopa kwa mtindo unaoitwa "five-six": unachukua 5, unarudisha 6. Tena, tukiwauliza waliojitokeza kama wana furaha, tutawakosa waliojifungia ndani kwa kukosa cha kupika.

Hata hivyo, siikubali hoja ya deni moja kwa moja. Chakula kile, wenyewe wanakiita handa, ni njia ya nyumba kurudisha ilichokula kwa majirani. Kijana anayefanya kazi Dubai akituma pesa za nguruwe wa kuchoma, kwao anahesabiwa kuwa amekuja. Kumwambia mama yake kwamba amefuja pesa ni kutojua alichokinunua.

Kinachonisumbua zaidi ni mashindano. Kwenye tamasha la Sinulog mjini Cebu na lile la Dinagyang mjini Iloilo, vikundi vina walimu wa ngoma na mavazi ya gharama, na wanafunzi hufanya mazoezi kwa miezi. Wachezaji wanapata fahari ya kweli, siwanyimi hilo. Ila mwenyeji wa kawaida amebaki nyuma ya kamba, shingo ameinyoosha. Katika mji wa Kalibo, kwenye tamasha la Ati-Atihan, bado kuna sadsad: ngoma inapita, unaingia na viatu ulivyovaa, unaburuza miguu pamoja na wengine huku watu wakipaza "Hala bira!" Furaha ninayoiamini ni hii.

Na hata hapo pana jeraha. Wachezaji hujipaka masizi wafanane na Waati, wenyeji wa kale wa kisiwa cha Panay. Waati wenyewe ni miongoni mwa watu maskini zaidi kisiwani humo. Sherehe inayoazima sura ya mtu na kumwacha pembeni haiwezi kuitwa furaha ya wenyeji wote, na watetezi wa fiesta wanapaswa kulijibu hili kabla ya lolote lingine.

Huko katika mji wa Lucban, Mei 15, siku ya San Isidro, mtakatifu wa wakulima, nyumba hupambwa kwa kiping. Unga wa mchele uliotiwa rangi hupakwa juu ya jani, ukapikwa kwa mvuke. Ukikauka unabanduliwa na mishipa yote ya jani imebaki juu yake, mwembamba hata mwanga unapenya. Nyumba nazo hushindanishwa, kweli, lakini njia ya maandamano hubadilishwa mwaka hadi mwaka, ili kila mtaa upate zamu yake. Sikukuu ikiisha, majani yale hushushwa ukutani, yakakaangwa, yakaliwa.