Nani aliwahesabu hao kamba koche milioni mbili?

Haipiti miezi mitatu sijatumiwa ile picha: mvuvi wa Maine, Marekani, kavaa ovaroli ya mpira, kamshika kamba koche wa buluu iliyokolea kama wino. Maelezo ni yale yale siku zote: "Mmoja kati ya milioni mbili!" Akipatikana wa manjano, wanasema ni mmoja kati ya milioni 30. Aliyegawika katikati, ubavu huu rangi hii na ubavu ule rangi ile, milioni 50. Mweupe kabisa, milioni 100.

Nani aliwahesabu?

Hakuna. Ni makadirio tu, yamepokezanwa kwenye habari mpaka yakaota mizizi. Mwaka 2016 Maine ilivua takriban tani 60,000. Kamba koche wa kuuzwa huko ana uzito wa nusu kilo na ushei, kwa hiyo tunazungumzia kama milioni 100 kwa mwaka mmoja. Kwa hesabu yao wenyewe, wa buluu wangekuwa hamsini hivi kila mwaka, katika jimbo moja, Kanada hatujaigusa. Tena sheria ya huko inamtaka mvuvi awarudishe baharini wadogo mno, wakubwa mno na majike wenye mayai. Huyo mmoja wa ajabu anaweza kuingia dema la huyu leo na la mwenzake mwakani, akapigwa picha mara mbili kama ni wawili.

Kinachonivutia mimi ni namna hiyo rangi inavyopatikana. Asili yake ni nyekundu, kemikali iitwayo astaksanthini, hiyo hiyo inayoipa minofu ya samoni wekundu wake. Kamba koche haitengenezi. Anaipata kwenye chakula. Gambani mwake kuna protini inayoishika kemikali hiyo na kuibana, na ikibanwa nyekundu inageuka buluu. Tabaka za rangi zikilaliana, tunaona ule ukahawia wa kijani wa kila siku. Wa buluu ana hitilafu ya kurithi inayomfanya atoe protini hiyo kupita kiasi. Mtie kwenye maji ya moto: protini inaharibika, nyekundu inafunguliwa, na sahanini humtambui na wenzake. Mweupe peke yake ndiye hutoka mweupe kama alivyoingia, maana hana cha kufunguliwa. Na hao waliogawika katikati, baadhi yao ni dume upande mmoja na jike upande wa pili. Hilo ningelipigia kelele kabla ya buluu.

Maana buluu yenyewe, ukivuka Atlantiki, si habari. Kamba koche wa Ulaya ni wa buluu kwa kuzaliwa. Bretagne, Ufaransa, anauzwa kwa jina hilo hilo, "wa buluu", na hakuna anayekimbilia kamera.

Huku kwetu ndiyo usiseme. Kamba koche wetu hana magando, ana vipapasio virefu vyenye miiba, na yuko wa aina yenye mwili wa kijani na buluu, mistari myeusi na myeupe, na waridi penye mashina ya vipapasio. Mwingine ana miguu yenye pingili za buluu na rangi ya maziwa, kama soksi za timu ya mpira. Wavuvi wa pwani ya Kenya humtoa mwambani kwa kumtishia pweza aliyefungwa kwenye kijiti. Akimwona tu, anatoka mbio. Anapimwa kwenye mizani, anakwenda hotelini. Hajawahi kupewa jina.

Yule wa Ohio, Marekani, alipewa. Mwaka 2020 wafanyakazi wa mgahawa wa Red Lobster walimwona wa buluu kati ya wale waliosubiri kupikwa, wakamwita Clawde, akapelekwa bustani ya wanyama ya Akron. Sikatai, walifanya jambo jema, na mimi pengine ningefanya hivyo hivyo. Ila ladha yake isingekuwa tofauti, na maumivu yake, kama anayo, yasingekuwa tofauti pia. Wale wa kahawia waliofika pamoja naye, sijaona picha ya hata mmoja.