Atachimenti ya miezi mitatu haiwezi kumfanya mtu fundi

Watu wangu wa Kisumu, niko Ujerumani nasomea ufundi wa magari na kuna kitu inaniuma lazima niseme. Huku unaanza na mwajiri. Unatafuta gereji ikukubali, mnasaini mkataba, ndio sasa darasa linafuata, na kozi yangu ni miaka mitatu na nusu, wiki nyingi siku tatu ama nne kazini, moja ama mbili shuleni. Jumatatu mwalimu anafundisha mfumo wa chaji, Jumatano gari iko mbele yako imekataa kuchaji na bosi anakuuliza utaanza kupima wapi. Hapo ndio unajua kama ulielewa.

Na unalipwa. Sheria iliweka kiwango cha chini tangu 2020, walioanza 2025 ni angalau euro 682 kwa mwezi. Si pesa mob, kodi ya nyumba inakula vibaya, lakini mzazi hauzi ng'ombe ndio mtoto apate nauli ya kwenda kujifunza kazi.

Sasa nyumbani mtoto anamaliza daftari za nadharia politekniki, anapewa barua akajitafutie atachimenti, yaani mazoezi ya kazi ya miezi mitatu, anazunguka mji mzima anaambiwa nafasi zimejaa, akibahatika anatumwa chai na fotokopi, mwalimu anapita mara moja anasaini logibuku, basi. Inaniuma sana kwa sababu pale tu Kibuye kuna mafundi wa jua kali wanaweldi tangu asubuhi, wanajua chuma kabisa, na hakuna chuo imewahi kuwauliza kitu.

Najua mtasema hatuna makampuni makubwa. Hata huku wengi tuko gereji ndogo! Kitu inashikilia mambo ni mtihani, haufanywi na shule peke yake, waajiri na wafanyakazi wanakaa kwa jopo pamoja na walimu, ndio maana cheti inaheshimika.

Kenya waajiri tayari wanatozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, inaenda NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Mimi nasema sehemu ya hiyo pesa imlipe fundi wa Kibuye akae na wanafunzi wawili mwaka mzima, na yeye pia atahiniwe apewe cheti kwa ile kazi anajua, na huo utaratibu NITA wako nao tayari. Na hizi vyuo za ufundi za mashinani katiba ya 2010 iliziweka chini ya kaunti, kwa hivyo tusingoje Nairobi, MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi, akikuja matanga wikendi hii muulize.