Mheshimiwa wa Kalori

Hesabu yenyewe haina uchawi. Mwanamume wa makamo anayeshinda kwenye kiti anatumia labda kalori 2,400 kwa siku. Akila 1,900, zile 500 mwili unazichota kwenye akiba yake ya mafuta, na kwa wiki anapungua kama nusu kilo. Hiyo ni kwenye karatasi. Mpwa wangu alinipakulia programu kwenye simu, akaniusia, "Anko, kila kinachoingia mdomoni unaandika kwa gramu. Siyo bakuli, siyo kisahani. Gramu."

Nikaenda Kariakoo, nikanunua mizani ya jikoni, ile bapa ya betri: unaweka sahani, unabonyeza inarudi sifuri, ndipo unapakua. Mke wangu aliniona napima ugali akauliza ninampunja yeye au najipunja mwenyewe. "Kwetu kinachopimiwa chakula ni kuku wa mayai," akasema, akaendelea kula.

Kilichonitisha hasa ni mafuta. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja cha chakula kinakupa kama 120, na mchuzi wa kwetu hauhesabiki kwa vijiko. Basi nikaamua nyama nitanunua mwenyewe, steki tupu, na niipime ikiwa mbichi, kwa sababu ikiiva inapoteza maji na uzito unakudanganya.

Natoka kazini, shati jeupe limechomekewa, kitambulisho kinaning'inia shingoni, nikapitia bucha ya sokoni kwetu. Steki, kilo moja. Jamaa akakata, akapima, akafunga. Nikatoa mizani yangu kwenye mkoba, nikaiweka kaunta, nikabonyeza sifuri, nikapandisha mfuko, nikafungua daftari.

Gramu 870.

Mimi nilifurahi, wallahi. Nyama pungufu, kalori pungufu! Nikaandika, halafu nikapiga picha ili mpwa wangu aone ninavyojituma. Kuinua kichwa, muuza nyama kasimama na kisu mkononi, jasho linamchuruzika.

"Bosi," akasema kwa upole, "hii mizani inasumbuliwa na upepo wa feni."

Feni lilikuwa limezimwa.

"Wala usijali, kaka," nikamwambia. "Mimi nataka kujua gramu kamili tu, niziandike."

Sentensi hiyo usije ukaitamka kwenye bucha. Pande la nyama likaruka mfukoni. Likafuata la pili, yakafuata maini. Kisha akaanza kufuta kwa aproni stika ya Wakala wa Vipimo iliyo ubavuni mwa mizani yake, nione kwamba muda wake bado.

"Kaka, mimi napima kalori."

"Hata kalori, bosi, pima. Hapa hatuna kificho."

Nilipotoka, habari ilishanitangulia. Gunia la viazi la lumbesa lilikuwa linavuliwa kilemba, viazi vinabingirika chini. Dada wa dagaa, ambaye siku zote ana maneno mengi, alikuwa amelikalia kopo lake, lile lililobonyea kitako, ananitazama kwa tabasamu la msibani. Mama wa nyanya akanitumbukizia fungu zima mfukoni bila salamu.

Mwenyekiti wa soko akanidaka getini, anahema, vifungo vya shati vimepishana. "Mheshimiwa, si ungetupa taarifa tukuandalie hata chai?"

Nikamweleza ukweli wote. Mimi ni karani wa stoo. Napunguza kitambi. Akakitazama kitambi, akatazama kitambulisho kwa mbali bila kukisoma, akaniminya bega. "Nimekuelewa, mheshimiwa. Mnakuja kimyakimya siku hizi. Ndiyo kazi."

Akanikalisha kwa mama ntilie. Ikaja supu yenye macho ya mafuta, na chapati mbili zinazong'aa hadi zinakuonyesha sura yako. Kukataa ningeweza, lakini harufu ile nayo ilikuwa inabembeleza. Basi angalau niweke kumbukumbu: nikaiweka chapati moja kwenye mizani, nikashika kalamu.

"Baba, usiandike!" mama ntilie akapiga ukelele. "Kama ni ndogo nakuletea nyingine!"

Akaleta. Nikaipima nayo, maana utaratibu ni utaratibu. Akaleta nyingine na soda juu yake, na pesa akakataa katakata kupokea.

Kabla sijafika nyumbani, programu ilishageuka nyekundu. Nikaizima simu.

Mke wangu akamwaga mfuko kwenye sinia: steki kilo na ushee, maini, nyanya. "Umelipa ngapi?"

"Ya kilo moja."

Akaitazama nyama, akanitazama mimi. Akachukua kitambaa safi, akaifuta mizani taratibu, pembe kwa pembe, akairudisha kwenye boksi lake.

"Jumamosi tunaenda Feri kununua samaki," akasema. "Na hicho kitambulisho ukivae."