Kushona ni Sehemu ya Kufua

Nguo nyingi hutupwa kabla hazijaisha. Kifungo kimedondoka, pindo limefumuka, zipu imegoma, na nyumbani hakuna mtu ambaye kazi hiyo ni yake. Vyombo vina zamu, sakafu ina zamu, hata pasi ina siku yake. Kushona ndiko kunakosubiri "nikipata nafasi", na nafasi yenyewe haipatikani.

Ninaamini kushona kunapaswa kuhesabiwa ndani ya kufua. Saa yake hasa ni pale unapochambua nguo chafu, maana hapo kila vazi linapita mkononi mwako. Tazama makwapa, magoti, viwiko, pembe za mifuko na sehemu ya kukalia, kwa kuwa huko ndiko nguo inakosuguliwa na kuvutwa. Mshono ulioachia kidogo ukizungushwa kwenye mashine, au ukifikichwa kwa mikono, utatoka umeachia zaidi. Sweta ni mbaya kuliko zote: kitanzi kimoja kikikatika, vya jirani navyo huanza kufumuka. Ndiyo maana sindano, uzi mweusi, uzi mweupe na mkasi mdogo vikae pale pale penye kapu la nguo chafu. Vikifichwa kabatini, hakuna atakayeinuka kuvifuata.

Kinachoweza kusubiri nguo ikauke ni kiraka, na hapa sitaki haraka. Viraka vingi huachia kwa sababu vilikatwa kwa kipimo cha tundu. Tundu ni katikati tu ya sehemu iliyochakaa. Inua suruali kwenye mwanga uone kitambaa kilivyokonda pande zote. Kiraka kivuke eneo hilo kifike penye kitambaa kizima. La sivyo mishono itashika nyuzi zilizochoka, na mchaniko mpya utaanzia ukingoni mwa kiraka chenyewe. Pembe zake zikatwe mviringo, kwa sababu pembe kali huinuka na kukwama. Kama kitambaa cha kiraka ni kipya na ni cha pamba, kifue kwanza: pamba hurudi ikiingia majini, na kiraka kikirudi baada ya kushonwa kitavuta nguo yote ijikunje. Uzi nao usikizidi kitambaa nguvu. Uzi wa nailoni kwenye shati jepesi hukata shati.

Najua wapo wanaoona kiraka ni tangazo la dhiki. Historia imechangia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza iligawa nguo kwa kuponi kuanzia 1941, na mwaka 1943 serikali ikachapisha kijitabu cha kuwafundisha raia kutengeneza nguo walizonazo. Ujuzi unaofundishwa wakati wa shida huachwa kirahisi shida ikipita. Lakini goti la suruali huchakaa wakati wa neema vilevile, na pamba, maji na rangi zilizoingia kwenye suruali hiyo haziokolewi kwa kununua nyingine.

Wala isiwe kazi ya mama peke yake. Mtoto anayeweza kufunga kamba za viatu yuko karibu sana na kuweza kushona kifungo, awe wa kike au wa kiume. Afundishwe kuacha nafasi ndogo kati ya kifungo na kitambaa, kisha auzungushe uzi mara kadhaa kwenye nafasi hiyo kabla ya kupiga fundo; kifungo kitapata kishina na hakitaivuta nguo kikifungwa.

Ukomo upo. Shati ambalo kitambaa chake kimelegea kila mahali halifai kuhangaikiwa, kwa kuwa kila mshono utazaa tundu lingine. Hilo likatwe vifungo, viwekwe pamoja na nyuzi. Sehemu ya chini ya mgongo, ile inayochomekewa, mara nyingi huwa bado nzima, na inatosha viraka kadhaa.