Akiba ya Meneja

Mbwa wangu anaitwa Meneja. Jina alipewa na Mama siku ileile alipofika, baada ya kukiona kitoto cha mbwa kikizunguka uwanja mzima, kikachungulia banda la kuku, kikamkagua ng'ombe mbele na nyuma, kisha kikaenda kulala kivulini bila kufanya kazi yoyote. "Huyu ni meneja," akasema Mama, akaendelea kuchambua maharage.

Tuko Uru, juu kidogo ya Moshi mjini, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, alichotuachia marehemu Baba. Wenzangu wote wako Dar na Arusha, na hurudi kila Desemba kama Wachaga wengine, na magari yao na ushauri wao. Mimi ndiye niliyebaki na Mama, migomba, ng'ombe mmoja na Meneja.

Sasa kwetu mbwa hapikiwi. Mbwa hula kilichobaki: ukoko wa ugali, mchuzi wa chini ya sufuria, mifupa ya kuku siku ya sikukuu. Ndivyo Mama alivyomlea Meneja mwaka wake wa kwanza, na alikuwa mzima kabisa. Kosa lilianza mwezi wa 6, niliponunua bando la mwezi mzima na kuanza kusoma habari za chakula cha mbwa.

Nilichosoma kilininyima usingizi. Mchuzi wa Mama huanza na vitunguu viwili, kama mchuzi wa kila mtu nchi hii. Kumbe vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitunguu saumu vilevile. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Zabibu huua figo zake, chokoleti ni sumu, na hata parachichi, ambazo kwetu huanguka zenyewe usiku, pu, pu, pu, kokwa lake laweza kumziba tumbo. Nikamwendea Mama na simu mkononi kama polisi na hati.

"Mama, tumekuwa tukimuua Meneja."

Mama akamtazama Meneja, aliyekuwa anamfukuza jogoo. "Anakufa vizuri," akasema. "Mbwa wa babu yako alikula mchuzi wangu miaka kumi na mbili."

Sikusikia. Nikamchukua Meneja hadi duka la pembejeo, nikapanda naye mizani ya kupimia magunia nikiwa nimembeba kifuani kama mwana-kondoo wa kwenye picha za kanisani. Kilo 92. Nikamshusha, nikapanda peke yangu: 68. Basi Meneja ana kilo 24. Mwenye duka, kwa mazoea, alikuwa tayari ameshaandika kwenye daftari lake: "Moja, kilo 92."

Kuanzia hapo Meneja akala kwa ratiba, saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nashuka Mbuyuni kununua dagaa, napita bucha kuchukua mapupu, narudi kuwasha kuni jiko la nje. Kama hujawahi kupika mapupu, nikwambie: hayazami. Unayasukuma chini na mwiko, yanaibukia upande wa pili yakiwa na povu, na mfuniko unainuka wenyewe kama kuna mtu ndani anayetaka kutoka. Yakiiva nayakatakata, nachanganya na ugali wa dona na dagaa, bila chumvi, bila kitunguu. Nilitumia mwiko wa Mama. Naomba mwiko huo uukumbuke.

Wiki mbili za kwanza Meneja alilamba beseni hadi likasogea kutoka jikoni mpaka bandani kwa ng'ombe. Kisha nikaanza kuona mambo.

Jambo la kwanza, pua. Kila asubuhi Meneja alinijia na udongo juu ya pua, umekaa vizuri kama mtu aliyepakwa majivu Jumatano. Nikawaza: anakula udongo. Na anayekula udongo anakosa madini, si ndiyo maana wajawazito wanatafuna pemba? Nikamwongezea ini robo kilo.

Jambo la pili, alianza kula nusu, kisha anachukua kipande kinono mdomoni na kuondoka nacho taratibu kuelekea migombani, anageuka nyuma mara mbili kuona kama namfuata. Nikajua ana haya. Nikamwambia Mama, "Huyu mbwa ana adabu, hapendi kula mbele za watu." Nikamwongezea yai la kuchemsha, apate hamu.

Jambo la tatu, alikuwa anatafuna majani. Nikadhani anahitaji mboga. Nilimchemshia mchicha. Ndiyo, nimesema. Mama alisimama mlangoni akaniangalia nikimpoozea mbwa mchicha kwa kupepea na kifuniko, akaondoka bila neno, na jioni nikasikia akimwambia jirani kule ng'ambo ya uzio, "Mbwa wetu amelazwa."

Kulikuwa na jambo la nne ambalo sikulijali. Kila asubuhi Meneja alikuwa anakwenda kwenye kona ya njia, pale masale yalipopandwa kuweka mpaka wetu na wa baba mdogo, anainua mguu, anakojolea isale moja lilelile, la tatu kutoka kwenye jiwe. Hakosei. Hata mvua inyeshe. Nikasema hiyo ni tabia ya mbwa dume, anaweka alama yake, hakuna ubaya. Hilo tu ndilo nililolielewa sawasawa katika mwaka mzima, na ndilo lililonimaliza.

Mwezi wa 10 mwiko wa Mama ukapotea. Lawama zikaja kwangu moja kwa moja, kwamba nimeuchoma pamoja na kuni au nimeuacha kwenye sufuria la mbwa. Nikanunua mwingine. Mama akaukataa, akasema ule ulikuwa umezoea mkono wake.

Ikafika Krismasi. Tarehe 24 wote wameshafika, uwanja umejaa magari, watoto wanalia kwa ajili ya chaja. Jioni tukachinja mbuzi. Kwetu mbuzi hachinjwi tu akaliwa ovyo. Kila kipande kina mwenyewe. Kidari cha mwaka huu Mama alikitenga kwa ajili ya baba mkwe wa kaka, Mpare wa Usangi, aliyekuwa anakuja kwetu kwa mara ya kwanza. Alikifunga mwenyewe kwa kamba ya mgomba, mafundo mawili, akakitundika kwenye msumari jiko la nje, akarudisha komeo.

Usiku, watu wamelala, nikakumbuka kwamba Meneja hajapata ini lake. Nikaingia jikoni kwa tochi ya simu, nikachukua beseni, nikamhudumia palepale mlangoni. Nikaenda kulala.

Asubuhi msumari ulikuwa mtupu.

Kilio alichotoa Mama hakikuwa cha nyama, kilikuwa cha aibu. Mgeni yuko njiani, ameshapita Himo. Kila mtu akawa na maoni. Shemeji akasema paka. Dada akasema wezi wa siku hizi wanajua vipande. Nami, ambaye komeo lilikuwa linanichoma rohoni lakini bado sijataka kulitazama usoni, nikafungua mdomo: "Si baba mdogo alipita hapa jana usiku akitoka kilabuni?"

Kimya. Nikageuka. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa koti lake la kanisani, ameshika dumu la lita tano la mbege, pombe yetu ya ndizi, alilotuletea.

"Shikamoo, baba mdogo."

Hakuitikia. Akaweka dumu chini taratibu. "Mimi," akasema, "nimekula vidari kwenye nyumba hii kabla baba yako hajamwoa mama yako. Vya kupewa." Akatuangalia mmoja mmoja. Kisha akainama, akalichukua dumu lake, akaondoka nalo.

Tulimtazama akiondoka. Nadhani wengine walikuwa wanalitazama dumu.

Katika vurugu hiyo yote, hakuna aliyekumbuka kumpa Meneja chakula cha asubuhi. Mimi pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa 6.

Saa nane mchana mgeni yuko kitini chini ya mparachichi, mzee mpole, kofia magotini. Mama amepanga paja na mbavu kwa ustadi ili pengo lisionekane. Dada mkubwa akasimama kuombea chakula. Dada akiomba hachoki: alianza na marehemu, akaja kwa wasafiri, akafika kwa wagonjwa. Alipofika "na uwakumbuke wote wasio na chakula," nilisikia migomba ikichakarika. Nikafumbua jicho moja.

Meneja alikuwa anakuja. Alitembea kichwa juu, mkia juu, na mdomoni ana kitu kikubwa cheusi chenye udongo na majani yaliyooza. Akapita kati ya viti vya wajomba, akachagua kivuli bora kuliko vyote, ambacho kilikuwa miguuni kwa mgeni, akajizungusha mara tatu, akalala, akakikumbatia kitu chake kwa mikono miwili. Kamba ya mgomba bado ilikuwepo. Mafundo mawili.

Hakuna aliyesema "amina."

Mama alilitazama lile fundo kama mtu anayesoma sahihi yake mwenyewe kwenye hati ya deni. Kaka akajaribu kumsogelea Meneja. Meneja akatoa mngurumo mdogo, wa chini kabisa, wa mtu anayelinda mali yake. Mgeni akainamisha kichwa, akakitazama kidari, akamtazama Mama.

"Samahani," akasema, "ndicho changu hicho?"

Mama akajifunika uso kwa kanga. Mzee akaendelea kukitazama, akamtazama Meneja na pua yake ya udongo, na mabega yakaanza kumtikisika. "Jamani, huyu mbwa si wa kwenu. Huyu ni Mpare. Anajua kuna kesho."

Watu walicheka hadi wajomba wakashikana. Utani wa Wachaga na Wapare una miaka mingi, lakini sijawahi kuona Mpare akijifungia bao mwenyewe na kushinda.

Watoto ndio waliokwenda kwenye migomba kufuatilia. Wakaanza kurudi na vitu. Ini langu, robo kilo kadhaa, katika hali ambayo sitaieleza kwa kuwa huenda unakula. Mayai matatu yenye maganda. Kandambili ya kushoto ya shemeji, ya Krismasi iliyopita. Na mwishoni mpwa wangu mdogo akaja anakimbia ameinua juu mwiko, umetafunwa ncha, umebaki na alama za meno kama mahindi yaliyopukuchuliwa. Mama aliupokea, akaupangusa kwa kanga, akaniangalia. Hakusema kitu. Bado hajasema, na ndiyo adhabu yenyewe.

Siku mbili baadaye bwana mifugo alikuja kumwona ng'ombe, nikamsimulia. Alikaa juu ya ndoo akacheka kwanza. Kisha akamwita Meneja, akapitisha viganja ubavuni. "Gusa hapa," akaniambia. "Mbavu unatakiwa uzisikie bila kukandamiza. Wewe unasikia nini?" Nilisikia godoro. Akaniambia mbwa akizidiwa chakula anafanya kama wazee wake wa porini: anachimba kwa miguu ya mbele, anaweka, kisha anasukuma udongo kwa pua kufukia. Hafukii kwa miguu, kwa pua. "Kwa hiyo kila ulipoona pua yenye udongo, mbwa alikuwa anakwambia ameshiba. Na wewe ulifanyaje?"

"Nilimwongezea."

"Na majani?"

"Nilimpikia mchicha."

Akaomba maji ya kunywa. Alisema majani mbwa wengi wanakula tu, hata wakiwa wazima. Akanielekeza nipunguze chakula, kidogo kidogo kwa muda wa wiki nzima nisimvuruge tumbo, ini liwe la siku mojamoja, na beseni liondoke chini baada ya robo saa, lililobaki lisiwe la kuweka benki.

Baki la shida lilikuwa baba mdogo. Tangu Krismasi hakupita kwetu. Alizungukia njia ya juu, na mbege yake ikazunguka naye. Mama akaniambia jambo hilo halina njia nyingine ila isale. Wasiotujua: isale ni lile jani refu la kijani tunalopandia mipaka, na ukimkosea mtu ukamwendea nalo mkononi, hakataliwi mtu. Ugomvi unaisha hapo.

Asubuhi ya tarehe 31 nikatoka, nikachuma isale, nikalifunga vizuri, nikaenda. Meneja akanifuata. Baba mdogo alikuwa amekaa nje anaota jua. Nikapiga goti, nikatoa isale kwa mikono miwili, nikaeleza yote: komeo, ini, pua, mwiko. Hakucheka, ingawa kwenye mchicha alitazama pembeni muda mrefu.

Akanyosha mkono, akalipokea. Akalisogeza karibu na macho. Kisha karibu na pua.

"Umelichuma wapi?"

"Pale konani, baba mdogo. Kwenye mpaka."

"La ngapi kutoka kwenye jiwe?"

Nilihesabu moyoni. Meneja, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, aliliona isale lake mkononi mwa mtu mwingine akaanza kutikisa mkia.

Baba mdogo alibaki amelishika kwa vidole viwili, mkono ameunyosha mbali na koti lake. Hawezi kulirudisha, mila hairuhusu.

"Isale halikataliwi," akasema. "Nimekusamehe. Sasa kalioshe."