Frank hajaleft, ni spika zangu

Jamani kabla hamjaendelea kuforwadi ile voisi ya jamaa yetu inayodai nilikuwa naangalia picha chafu kwenye kikao cha harusi, si kweli. Nilikuwa najaribu spika. Ni juzi tu na bado nikikumbuka najifunika shuka gubigubi, ila kama mnanicheka mnicheke kwa habari sahihi.

Laptopu yangu mnaijua, ile ya 2013. Windows 10 wameshaacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025, Windows 11 nikaijaribu ikanitolea nje, inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, mashine yangu hata kuisikia haijawahi. Badala ya kupeleka kwa fundi nikajifanya mtaalamu, nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi nikapiga mwenyewe. Ikaingia freshi, waifai inashika, kila kitu poa isipokuwa sauti. Kimyaaa.

Nimekesha natafuta draiva. Voliumu nikapandisha mpaka asilimia 150 (inaruhusu, msiniulize kwa nini), nikaandika amri ya kujaribu spika, speaker-test -c 2 -t wav, ile ambayo kuna dada wa Kizungu anatamka "Front left", "Front right" na haachi mpaka umwachishe. Sikumsikia. Nikajua kadi ya sauti imekufa, nikafunika laptopu nikalala. Kumzima sikumzima, utamzimaje mtu ambaye hata hajafungua mdomo?

Kesho yake kikao, mimi ndo katibu. Nimechomeka waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha na sauti, kwenye TV ya ukumbi watu waone orodha ya ahadi, na ile TV imeungwa na maspika ya baa, yale ya kuchezea singeli. Nafunua laptopu. Orodha hiyo ikatokea. Baba mdogo ambaye ni mwenyekiti anasafisha koo aanze. Ukumbi umetulia.

"FRONT LEFT."

Soda ilicheza kwenye glasi. Kumbe sauti haikufa, ilikuwa inaelekezwa kwenye HDMI, yaani yule dada alikuwa anaongea na tundu tupu usiku ule hadi leo ndo kapewa maspika.

Shangazi: "Eh! Frank kaleft?"

Mweka hazina akageuka mzima mzima: "Kaleft? Si aliahidi laki mbili huyo!"

"FRONT RIGHT."

"Anasema yuko right," mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akamtetea.

"FRONT LEFT."

"Kaleft tena!"

Mimi hapo natafuta dirisha la teminali, pale nilipoandikia ile amri, limejificha nyuma ya orodha, vidole vina jasho, kishale kinaenda kinapotaka chenyewe, we unayecheka hapo ungekufa. Nikachomoa waya. Kimya. Watu wakashusha pumzi, baba mdogo akasema katibu tuendelee na bajeti ya keki. Nikachomeka. Na yule dada akaendelea alipoishia, kwa nguvu zilezile.

Yaliyobaki mafupi, mtoto wa darasa la sita alikuja akabonyeza Ctrl na C, za kusimamisha amri, akarudi kwenye chipsi zake, ukatibu nikavuliwa, na spika zenyewe nyumbani zimepona kwa kubofya mara moja kwenye mipangilio ya sauti.

Frank alipigiwa simu palepale kuulizwa laki mbili. Maskini alikuwa bado yumo kwenye grupu. Saa tatu usiku akaleft kweli.